John Paul Jones wa Led Zeppelin: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayeipenda Led Zeppelin, bendi ya rock ya Uingereza, hutaja haraka sauti ya Robert Plant, gitaa la Jimmy Page na dramu za John Bonham. Jina la nne huja baadaye, na mara nyingi huja na swali. Hapa tumekusanya maswali yanayojirudia kuhusu mtu huyo wa nne. Jibu likishatolewa mahali pengine, tunakuelekeza huko badala ya kulirudia.

## Mambo ya mwanzo

John Paul Jones ni nani?

Ni mwanamuziki Mwingereza aliyezaliwa tarehe 3 Januari 1946 huko Sidcup, eneo ambalo wakati huo lilihesabiwa kuwa la Kent na leo liko ndani ya London. Alikuwa mpiga besi na mpiga vinanda wa Led Zeppelin tangu bendi ilipoanza mwaka 1968 hadi ilipovunjika mwaka 1980.

Ukimwita mpiga besi hujakosea, ila hujamaliza. Amepiga kinanda cha Hammond, piano, mandolini, filimbi za mbao na sinthesaiza. Amewaandikia violini wanamuziki wengine na amekuwa prodyuza wa albamu za watu. Kwa maoni yetu, vyote hivyo vinatoka kwenye kipaji kimoja: anausikia wimbo mzima, anatambua kilichopungua, kisha anashika ala inayoweza kukileta. Mara nyingi ala hiyo ilikuwa besi. Ilipokuwa ala nyingine, besi aliiweka chini bila kinyongo.

Hilo ndilo jina lake la kuzaliwa?

Hapana. Aliitwa John Baldwin. Jina la John Paul Jones alipewa mwaka 1964 na Andrew Loog Oldham, meneja wa Rolling Stones wa wakati huo, aliyekuwa ameona tangazo la filamu yenye jina hilo. Kijana alikuwa anatoa santuri yake ya kwanza, "Baja", na ilihitajika chapa inayokaa vizuri kwenye lebo. Santuri haikufika mbali. Jina likabaki.

Kwa hiyo ana uhusiano na yule baharia wa Marekani?

Hakuna, isipokuwa huo wa jina. Filamu ile ilihusu maisha ya John Paul Jones wa karne ya 18, mzaliwa wa Scotland aliyepigana baharini upande wa Marekani katika vita vya uhuru. Ukitafuta jina hili kwenye intaneti ukakutana na merikebu, umempata huyo.

Alilelewa kwenye muziki?

Ndiyo, na si kidogo. Baba yake, Joe Baldwin, alikuwa mpiga piano na mpangaji wa muziki katika bendi kubwa za dansi za Uingereza, ikiwemo ya Ambrose. Mama naye alikuwa msanii wa jukwaani. Kwa kuwa wazazi walikuwa safarini mara kwa mara, mtoto alipelekwa shule ya bweni huko Blackheath. Alipofika miaka 14 alikuwa tayari mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya katika kanisa la karibu.

Habari ya kanisani usiipite haraka. Mpiga kinanda wa kanisa hupiga sauti za chini kwa miguu huku mikono ikishughulika na za juu, na mwalimu wa kwaya hulazimika kusikia sauti nne kwa wakati mmoja. Mambo yote mawili yatarudi hapa chini.

Besi aliianzaje?

Kwa kubishana na baba. Mzee alimshauri ashike saksafoni, akiamini kwamba gitaa la besi lingesahauliwa baada ya miaka miwili. Kijana akamjibu kwamba kazi za besi zipo na anaitwa. Jones mwenyewe amesimulia kwamba neno "kazi" ndilo lililomgeuza baba, na besi ikapatikana mara moja. Baba alikuwa mwanamuziki wa kulipwa; hoja ya riziki aliielewa kuliko hoja ya mapenzi.

## Miaka ya studio

Alifanya nini kabla ya Led Zeppelin?

Akiwa bado kijana wa umri wa shule aliingia kwenye bendi ndogondogo. Kisha akachukuliwa kwenye kundi la Jet Harris na Tony Meehan, waliokuwa wametoka bendi ya The Shadows na ambao kibao chao "Diamonds" kilishika namba moja Uingereza mwanzoni mwa 1963. Meehan ndiye aliyemfungulia mlango wa kampuni ya rekodi ya Decca mwaka 1964, na kuanzia hapo Jones akawa mtu wa kukodiwa studio.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unaitwa, unafika na ala yako, unawekewa karatasi ya noti mbele, unarekodi, unaondoka kwenda studio nyingine. Jina lako haliandikwi popote. Alipiga besi kwenye "Sunshine Superman" ya Donovan, akapanga violini za "She's a Rainbow" ya Rolling Stones, akafanya kazi nyingi chini ya prodyuza Mickie Most. Mwaka 1966 alikuwemo kwenye "Beck's Bolero" ya Jeff Beck, pamoja na Jimmy Page, Keith Moon wa The Who na mpiga piano Nicky Hopkins.

"Kupanga muziki" maana yake nini hasa?

Mtunzi analeta wimbo, pengine kwa gitaa moja na sauti yake. Mpangaji ndiye anayeamua violini ziingie beti gani, tarumbeta zipige nini, besi inyamaze wapi. Kisha anaandika noti za kila mpigaji ili watu ambao hawajawahi kuusikia wimbo waweze kuupiga ndani ya saa chache. Ni kazi ya fundi ramani kuliko ya mwashi.

Jones aliifanya hadi ikamchosha. Kufikia 1968 alikuwa akipanga makumi ya nyimbo kwa mwezi, na amesema wazi kwamba ilikuwa inammaliza.

Ni kweli Led Zeppelin wote walirekodi "Hurdy Gurdy Man" ya Donovan?

Hadithi hii haifi. Kinachothibitika ni kwamba Jones aliupanga wimbo huo wa 1968 na akapiga besi. Kwa maelezo yake, dramu zilipigwa na Clem Cattini na gitaa na Alan Parker. Kama unatafuta kikao cha kwanza cha studio kilichowakutanisha wote wanne, kitafute kwenye albamu ya P.J. Proby, "Three Week Hero". Jones alikuwa ameshakubali kuipanga, na bendi yake mpya ilikuwa haina kazi nyingine wiki hiyo, akawaita wenzake.

## Ndani ya Led Zeppelin

Alijiungaje na bendi?

Mkewe alimsukuma. Alisoma gazetini kwamba Jimmy Page, ambaye Jones alimfahamu kutokana na vibarua vya studio, anaunda bendi mpya baada ya bendi yake ya Yardbirds kusambaratika. Akamwambia mumewe apige simu. Simu ikapigwa. Agosti 1968 wanne wakakutana kwenye chumba kidogo mtaa wa Gerrard, London, wakaanza na "Train Kept A-Rollin'" kwa kuwa ulikuwa wimbo mwepesi wa kukubaliana. Tarehe 7 Septemba walikuwa jukwaani Gladsaxe, Denmark, bado wakitumia jina la New Yardbirds. Albamu ya kwanza ilitoka Januari 1969.

Alipiga ala gani kwenye nyimbo gani?

Orodha kamili ingekula ukurasa wote, kwa hiyo tuchukue zile ambazo watu huziuliza.

Zile filimbi laini mwanzoni mwa "Stairway to Heaven" ni yeye, kwa filimbi za mbao zilizorekodiwa moja juu ya nyingine. Wengi hudhani ni sinthesaiza, pengine kwa sababu jukwaani alizibadilisha kwa Mellotron, kinanda kinachotoa sauti zilizorekodiwa kwenye tepu. Kwenye "Going to California" yeye ndiye anayepiga mandolini. Lakini kwenye "The Battle of Evermore" mpiga mandolini ni Page, ingawa ala yenyewe ilikuwa ya Jones. Hapo hata wazoefu huteleza. "Trampled Under Foot" inaendeshwa na Clavinet yake, kinanda cha umeme chenye sauti kali ya nyuzi. "No Quarter" ni piano yake ya umeme tangu mwanzo hadi mwisho, na katika ziara ya 1977 wimbo huo uliwahi kuvuka dakika 20 akiwa ameuchukua mzima mikononi.

Sasa rudi kwenye besi. "Ramble On" ina besi inayoimba wimbo wake mwenyewe chini ya wimbo wa Plant. Kwenye "The Lemon Song" alikuwa anabuni papo hapo studio, dakika baada ya dakika, na utasikia mafunzo ya Motown na Stax, kampuni za muziki wa soul wa Marekani, shule ya wapiga besi wao James Jamerson na Duck Dunn, yakiwa ndani ya bendi ya rock nzito. Page akichana gitaa na Bonham akigonga kama mhunzi, mtu mwingine angeongeza kelele. Yeye aliacha nafasi kati ya noti. Kwa nini ile rock nzito inachezeka? Jibu kubwa liko hapo.

"Black Dog" aliitunga nani?

Ile rifu, yaani kipande cha gitaa na besi kinachojirudia, ni ya Jones. Amesimulia kwamba ilimjia kwenye treni akirudi kutoka mazoezini, akaiandika kwenye kipande cha karatasi kwa mfumo mwepesi wa tarakimu aliofundishwa na baba yake. Mzee aliyeikatia tamaa besi ndiye aliyempa mwanawe kalamu ya kuiandikia!

Ujanja wa wimbo huo uko kwenye hesabu. Gitaa na besi zinapinda na kuvuka mizani, huku dramu za Bonham zikishikilia mapigo manne-manne bila kujali, halafu wote wanakutana tena mbele. Ukijaribu kugonga mguu utapotea, na si wewe peke yako.

Akiwa kwenye kinanda jukwaani, besi ilipigwa na nani?

Na yeye mwenyewe, kwa miguu. Alitumia pedali za besi, kama alivyofanya kwenye kinanda cha kanisa utotoni. Bendi haikuwahi kuajiri mtu wa tano. Kwa nyimbo za gitaa nyororo alitengenezewa na fundi Andy Manson ala yenye shingo tatu: gitaa la nyuzi sita, la nyuzi kumi na mbili, na mandolini. Nayo besi ilikuwa miguuni.

Alitumia besi gani?

Kwa miaka mingi ya mwanzo, Fender Jazz Bass ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye jukwaani akahamia besi za kampuni ya Alembic. Alipiga zaidi kwa vidole, piki mara mojamoja. Kwa kazi za peke yake alichukua besi za nyuzi nyingi. Hizo tazama swali la albamu zake.

Alama yake kwenye albamu ya nne ina maana gani?

Albamu hiyo ya Novemba 1971 haina jina. Kila mmoja aliwakilishwa na alama. Ya Jones ni duara lililounganishwa na maumbo matatu yanayopishana. Aliichagua kutoka kitabu cha alama cha Rudolf Koch, na huelezwa kuwa inamwakilisha mtu anayejiamini na aliye hodari. Alama ya Page ndiyo iliyozaa vitabu na ubishi. Hii haikusumbua mtu.

Ni kweli aliwahi kutaka kuacha bendi awe mwalimu wa kwaya?

Nusu ni kweli. Mwishoni mwa 1973 alimwendea meneja Peter Grant akamwambia amechoka na ziara na anataka kuwa karibu na familia yake. Grant alimshauri apumzike kwanza, na kwa nje ikasemwa anaumwa. Muda wa kurekodi uliokuwa umetengwa Headley Grange, nyumba ya shambani walikorekodia, wakapewa bendi ya Bad Company. Baada ya mapumziko alirudi, na kazi iliyofuata ikawa "Physical Graffiti".

Ile nusu ya pili, kwamba alitaka kufundisha kwaya Kanisa Kuu la Winchester, amesema ilikuwa utani. Utani uliokaa vizuri, ukizingatia kwamba kazi hiyo ameshawahi kuifanya.

Kwa nini "In Through the Out Door" ina vinanda vingi hivyo?

Kwa sababu Jones alikuwa na sinthesaiza mpya ya Yamaha GX-1, na kwa sababu yeye na Plant ndio waliokuwa wakiwahi studio. Albamu hiyo ya 1979 ina nyimbo mbili za bendi yenyewe ambazo Page hakuandikwa mtunzi: "All My Love" na "South Bound Saurez".

Kwa nini hakujulikana kama wenzake?

Kwa kiasi fulani alitaka hivyo. Alisimama nyuma karibu na dramu, aliepuka vurugu za hotelini, na mahojiano alitoa kwa nadra. Shule ya studio nayo ilimfunza kwamba kazi ikitoka vizuri msikilizaji hataki kujua nani aliishika. Kuna waandishi wanaomhurumia kwa hilo. Sisi hatuoni pa kumhurumia: mtu aliyeweza kununua mkate dukani bila kuzingirwa, ilhali ana nyimbo zile, alijua anachokifanya.

## Baada ya 1980

Bendi iliisha vipi, naye alifanya nini?

Bonham alifariki tarehe 25 Septemba 1980, na Desemba mwaka huo waliobaki wakatangaza kwamba hawataendelea. Jones akarudi alikotokea, kwenye kazi za nyuma ya pazia. Alitunga muziki wa filamu "Scream for Help" (1985) na akawa prodyuza wa bendi ya The Mission kwenye "Children" (1988).

Kazi iliyosikika na watu wengi zaidi ni ya bendi ya Marekani, R.E.M. Violini za albamu yao "Automatic for the People" (1992) katika nyimbo nne, ikiwemo "Everybody Hurts" na "Nightswimming", ni mpango wake. Sikiliza "Everybody Hurts" ukizingatia zinaingia lini. Zinachelewa sana, na kuchelewa huko ndiko kunakouma.

Mbona hakuwemo Page na Plant waliporudi pamoja mwaka 1994?

Hakualikwa, na hakuambiwa. Alipata habari kama wengine. Walipoipa albamu yao jina la "No Quarter", wimbo ambao watu humhusisha naye kuliko mwingine wowote, hilo halikusaidia. Mwaka uliofuata, bendi ilipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, alisimama akawashukuru marafiki zake kwa kuikumbuka hatimaye namba yake ya simu. Ukumbi ukacheka. Wawili hao hawakucheka sana.

Yeye mwaka huohuo wa 1994 alitoa "The Sporting Life" na mwimbaji Diamanda Galás: sauti kali ya Galás, besi, vinanda na dramu. Sahani hiyo si ya kila sikio.

Led Zeppelin walirudi mara ngapi?

Mara tatu zinazokumbukwa. Tamasha la hisani la Live Aid, Philadelphia, Julai 1985, ambalo wao wenyewe hawalipendi. Sherehe ya miaka 40 ya Atlantic Records, New York, Mei 1988. Na tarehe 10 Desemba 2007, ukumbi wa O2, London, kumkumbuka Ahmet Ertegun, mwanzilishi wa Atlantic, huku Jason Bonham akiwa kwenye kiti cha baba yake. Hiyo ya mwisho ndiyo waliyoifanyia mazoezi ya kweli, na inasikika.

Baada ya O2, Plant hakutaka kuendelea. Jones, Page na Jason wakajaribu waimbaji wengine, lakini mwanzoni mwa 2009 mpango ukaachwa.

Ana albamu zake mwenyewe?

Anazo mbili za studio: "Zooma" ya 1999 na "The Thunderthief" iliyofuata, zote kupitia kampuni ya Robert Fripp wa King Crimson. "Zooma" haina mwimbaji. Ni besi za nyuzi 4, 8, 10 na 12 zikifanya kazi ambayo kawaida ni ya gitaa. Alipoitoa alikuwa na zaidi ya miaka 50.

Them Crooked Vultures ni nini?

Bendi yake na Dave Grohl kwenye dramu na Josh Homme kwenye gitaa na sauti. Grohl alikuwa ameshamwalika kwenye albamu ya Foo Fighters ya 2005, ambako alipiga piano na mandolini. Onyesho la kwanza la watatu hao lilikuwa Chicago, Agosti 2009, na albamu ikatoka Novemba. Wimbo wao "New Fang" ukachukua Grammy mwaka 2011. Kwa mtu aliyekuwa amevuka sitini, anapiga kwa njaa ya kijana.

## Maswali ya pembeni

Nimesikia aliwahi kupanda jukwaa la opera. Kweli?

Kweli. Mwaka 2011 alipiga besi katika "Anna Nicole" ya Mark-Anthony Turnage, Royal Opera House, London. Miaka miwili nyuma alikuwa amepiga na bendi ya Sonic Youth na mwanamuziki Takehisa Kosugi kwa ajili ya wachezaji ngoma wa Merce Cunningham. Pia amepiga muziki wa kubuni papo hapo na Supersilent wa Norway, akamsindikiza Seasick Steve kwenye blues ya gitaa bovubovu, na akawa prodyuza wa Uncle Earl, kundi la wanawake wa muziki wa kijijini wa Marekani. Anayeona mambo hayo hayaungani arudi swali la kwanza.

Anaimba?

Kidogo. Kwa Led Zeppelin sauti yake haikuwa kazi yake. Kwenye "The Thunderthief" aliimba. Tuseme tu kwamba besi yake ni nzuri zaidi.

Nianzie wapi kumsikiliza?

Anza na "Ramble On" kwa spika nzuri au hedifoni; spika ya simu itakunyima besi yote. Iache sauti ya Plant ipite, fuata sauti ya chini pekee. Kisha "Since I've Been Loving You", ambako mikono iko kwenye kinanda cha Hammond na besi inatoka miguuni. Ukishazoea, nenda "Black Dog" ujaribu kuhesabu. Mwisho weka "Nightswimming", ambayo hakuna besi hata moja ndani yake, na umtafute humo.